Kufunga redio ya CB kwenye lori: anza na antena

Ndugu zetu wengi wanaoanza kuendesha semi (malori makubwa ya trela) hapa Marekani, Wakongomani, Wakenya, Watanzania, Warundi, hununua redio ya CB, ile ya madereva kuongea wao kwa wao barabarani, mapema, na baada ya wiki chache huizima kabisa. Ukiwauliza wanasema haishiki, inakoroma tu. Nimesaidia kufungua nyingi za namna hiyo, na karibu kila mara redio yenyewe ni nzima. Kilichofungwa vibaya ni antena.

Sheria ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inaruhusu wati 4 tu kwenye AM, mfumo wa kawaida wa kurusha sauti kwenye CB, iwe redio ya bei ya chini au ile ya Cobra yenye vitufe tele. Pesa ya ziada inakupa sauti safi na mataa, haikupi umbali. Umbali unatoka kwenye antena na chuma cha gari kilicho chini yake, kwa hiyo kama mfuko ni mdogo, punguza kwenye redio, usipunguze kwenye antena. Atakayekuuzia kifaa cha kuongeza nguvu ili usikike jimbo la pili, mkatalie. Ni kinyume cha sheria, na kikifungwa kwenye antena mbovu kinaweza kuiharibu redio.

Kuna wanaouliza kama CB ina faida bado, maana simu ipo. Pita I-80 Wyoming wakati wa baridi, pale Elk Mountain, upepo unasukuma trela tupu na theluji inafunika lami. Ramani ya simu itakuonyesha foleni ikishakuwa foleni. Dereva aliye maili mbili mbele yako, anayeona semi imelala katikati ya njia, atakwambia muda huohuo kwenye chaneli 19, ambayo madereva wa malori husikiliza. Hizo maili mbili ndizo za kupunguza mwendo. Ndiyo maana nawasihi wageni wasiendeshe bila redio inayofanya kazi.

Leseni ya FCC huhitaji. Lakini kama lori ni la kampuni, omba ruhusa kwanza, na usitoboe tundu popote. Malori mengi ya hapa yana sehemu ya CB juu ya kioo cha mbele, na hapohapo kuna nguzo mbili za umeme, nyekundu na nyeusi. Tumia hizo. Kama hazipo, peleka waya moja kwa moja kwenye betri na uweke fyuzi kwenye waya mwekundu, karibu na betri, si karibu na redio, ili waya ukichubuka njiani fyuzi ikatike kabla moto haujawaka. Tundu la kuwashia sigara liache, linaingiza kelele za injini. Na kama umezoea Scania au malori mengine ya Ulaya yanayotembea kwetu, kumbuka yale ni volti 24 na CB ni ya volti 12. Ukiifunga kule bila kipunguza volti utaiunguza papo hapo.

Sasa antena, na hapa usiwe na haraka. CB iko kwenye megahezi 27, wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi. Robo ya wimbi ni karibu mita 2.75, na fimbo ya urefu huo ukiisimamisha kwenye kioo cha pembeni itagonga madaraja. Ndiyo maana antena za malori ni fupi na zina koili (waya uliozungushwa) ndani. Ufupi huo unazifanya ziwe nyepesi kusumbua pale ethi, yaani muunganiko wa antena na chuma cha gari, inapokuwa mbaya.

Tazama kibanio kinachoshika antena kwenye kioo cha pembeni. Pale tundu lilipo kuna skrubu ya kubeba antena, na pamoja nayo inakuja washa ya plastiki yenye kishingo kidogo. Kishingo lazima kikae ndani ya tundu, ili skrubu ya juu isiguse chuma cha kibanio hata kidogo. Sehemu ya chini, inapofungwa waya, inatakiwa iguse chuma kitupu, kwa hiyo kwangua rangi kwa msasa mpaka uone mng'ao. Watu hugeuza washa ile juu chini, wengine huitupa wakidhani ni ya kufungashia. Matokeo yake antena nzima imeshikana na bodi. Na kwenye malori mapya kioo chenyewe kimebebwa na plastiki, kwa hiyo unahitaji waya mnene wa ethi kutoka kwenye kibanio hadi kwenye chuma cha kebini.

Kabla ya kupandisha antena chukua testa, ile inayolia sehemu mbili zikiwa zimeungana kwa umeme. Waya ukiwa umechomolewa kwenye redio, pini ya katikati na ganda la nje visilie pamoja. Ganda na bodi ya gari vilie. Pini na skrubu ya juu vilie. Dakika chache hizo zitakuokolea siku nzima.

Antena moja inatumia waya wa antena aina ya RG-58. Mbili zinatumia waya wake maalumu wa pacha, na zinapendeza zikiwa mbali, mita 2 na zaidi. Kwenye pikapu weka moja tu, katikati ya paa ikiwezekana.

Halafu pima SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena. Usibonyeze maiki kuongea kabla ya hapo. Nenda uwanja wazi, mbali na malori mengine, funga milango. Mita inakaa kati ya redio na waya wa antena. Pima chaneli 1, 20 na 40, ukihakikisha hakuna anayezungumza. Chini ya 1.5 ni safi, chini ya 2 unaweza kusafiri nayo. Ikizidi 3, acha kurusha. Kama chaneli 40 inasoma juu kuliko 1, antena ni ndefu, ifupishe kidogo kwa skrubu ya nchani. Kama 1 ndiyo iko juu, irefushe. Zikiwa mbili, zirekebishe sawasawa. Lakini kama chaneli zote zinasoma juu ya 3, urefu hauna kosa. Rudi kwenye ile washa na ethi.

Ukimaliza, omba mtu akwambie kama anakusikia vizuri kwenye chaneli 19, na chaneli 9 iachie dharura. Usione haya kwa sababu ya lafudhi. Kinachotakiwa ni kifupi: unaelekea wapi, namba ya maili, njia ipi imeziba. "Westbound, mile 255, right lane blocked" inatosha, na wanaokuja nyuma watashukuru.

Rudia kukaza nati zote baada ya wiki ya kwanza, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza. Baridi ikiisha, fungua viungio vya waya, safisha chumvi ya barabarani, kisha pima SWR tena.