Riwaya au historia? Tuliyoyaona Iringa kwa miaka sita ya kusoma pamoja

Kamwene wakuu.

Mwenzetu wa Mafinga aliuliza juzi. Wako wanane, wanataka kuanzisha kikundi cha kusoma vitabu, na wameshagawanyika hata kikao cha kwanza hakijafika. Nusu wanasema riwaya ni mambo ya kubuni, heri wasome historia wajue walikotoka. Nusu wanasema historia inachosha, inamrudisha mtu darasani. Akaomba mwenye uzoefu aseme. Naandika kwa kirefu maana ubishi huohuo nusura uvunje kikundi chetu, na kikundi hiki nakipenda mno.

Mimi nina duka la pembejeo hapa Iringa mjini. Tulianza watu saba, sasa tuko kumi na moja: muuguzi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, walimu wawili ambao mmoja wao amestaafu, na wengine wa biashara ndogo ndogo kama mimi. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa zamu, nyumba kwa nyumba, zaidi Kihesa na Mwangata. Mwenye nyumba anapika chai ya tangawizi na kitu cha kutafuna. Mwaka wa kwanza tulisoma historia tupu. Mwaka wa pili tukasoma riwaya tupu. Mwaka wa tatu tukashika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya Euphrase Kezilahabi, na kuanzia hapo hatukuvitenga tena.

Kwa asiyeisoma: ilitoka mwaka 1975. Inamfuata Tumaini, kijana wa kule Ukerewe anayerithi mali ya wazazi na kuitapanya kwa anasa, kisha anajirudi, anafanya kazi, anakuwa mkulima mkubwa. Ndipo siasa ya ujamaa inapofika kwenye shamba lake. Tumaini anamuua kiongozi wa serikali, na anahukumiwa kifo.

Tulikuwa tumekaa sebuleni, mwezi wa sita, baridi ile mnayoijua. Mmoja anasoma kwa sauti kurasa za mwisho. Yule mama fundi cherehani, ambaye kwao ni Isimani, akafunga kitabu chake, akasema, "Huyu ni Mwamwindi." Akanyamaza. Wazee wawili wakatazamana. Sisi vijana (wakati ule nilikuwa bado najihesabu kijana) hatukujua anasema nini.

Basi kikao kizima kikageuka. Tarehe 25 Desemba 1971, Siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dokta Wilbert Klerruu, alikwenda Isimani akamkuta mkulima Said Mwamwindi shambani analima. Wakabishana. Mwamwindi akachukua bunduki akamuua, kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini. Alishitakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Leo Isimani tunaijua kwa ukame, lakini miaka ya 60 ilikuwa ghala la mahindi, na kulikuwa na wakulima wenye matrekta na mashamba makubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliposhuka hadi vijijini, watu hao ndio walioambiwa kwamba ardhi sasa ni ya kijiji.

Mmoja wa walimu wetu alisoma ualimu katika Chuo cha Klerruu, pale pale mjini. Alisema kwa miaka yote aliyokaa pale, jina lile kwake lilikuwa maandishi ya getini tu, hakuwahi kuuliza ni la nani. Nilimwona jinsi alivyoumia kulisema hilo.

Tukaahirisha riwaya iliyokuwa kwenye ratiba, tukatumia miezi miwili kutafuta historia. Mwenzetu mmoja alipata muhtasari wa hukumu ya kesi ile. Huko mambo yamekaa kisheria: upande wa utetezi ulisema mshitakiwa alichokozwa, jaji hakukubali. Maneno machache, makavu, na ni lazima yawe hivyo, kwani mahakama inataka kujua nani alifanya nini na kwa nia gani. Lakini ukitoka kwenye hukumu ukarudi kwa Kezilahabi, unakutana na miaka ishirini iliyotangulia risasi. Unamjua Tumaini alipokuwa mhuni, ulimchukia, ukamsamehe, ukafurahi alipopata shamba. Unapofika mwisho umeshachelewa kumwita shujaa au shetani, maana umekaa naye sana.

Mimi nauza mbegu na mbolea. Wateja wangu wengine ni wa Isimani. Namjua mtu anayehesabu mifuko ya mbolea huku midomo inacheza bila sauti, anapanga msimu mzima kichwani. Nilipokuwa nasoma Tumaini anavyoliangalia shamba lake, niliona sura za wateja wangu. Na hapo hapo nikamfikiria Dokta Klerruu, aliyeondoka nyumbani siku ya sikukuu kwenda kukagua kazi aliyoiamini. Kuna watu maelfu waliokuwa hawana ardhi ya kutosha, waliokuwa vibarua kwenye mashamba yale makubwa. Hao riwaya haiwapi nafasi ya kutosha, na huo ni upungufu wake kwa maoni yangu. Hao niliwakuta kwenye historia. Kwa hiyo kila kimoja kilinizibia pengo la mwenzake, si kwa kupenda kwangu, ni kwa vile vilivyo.

Kikao cha kujadili kilikuwa kizito. Kuna waliosema Mwamwindi alitetea haki yake, kuna waliosema muuaji ni muuaji. Mwalimu mstaafu alieleza kwamba alikuwa mtoto mwaka ule, na anachokumbuka ni watu wazima kushusha sauti kila mtoto anapoingia ndani. Yule mama wa Isimani hakusema sana. Alisema tu kwamba kwao jambo hili huzungumzwa jikoni, na kwamba siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia likizungumzwa sebuleni, mbele ya wageni. Nakwambia mkuu, kama tungekuwa tunasoma historia tu, angekuja, angesikiliza, angeondoka. Riwaya ndiyo iliyomfungua mdomo.

Tangu siku hiyo tunasoma kwa jozi. Kila riwaya inatafutiwa historia yake, na kila historia inatafutiwa riwaya au tamthilia.

Jozi nyingine iliyotugusa ni *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah na habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa huku kwetu. *Peponi* ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Kiswahili chake kitamu, kisomeni kwa sauti. Yusuf ni mtoto anayechukuliwa na tajiri wa pwani kama rehani ya deni la baba yake, baadaye anasafiri na msafara wa biashara kuelekea bara. Wafanyabiashara wa msafara wanawaangalia watu wa bara kama washenzi wa mwituni.

Sasa, sisi tunaosoma ndio watu wa bara. Msomaji wa Tanga au Unguja pengine anasafiri na msafara. Sisi wa huku tulijikuta tunausubiri msafara kwa upande wa pili. Chatu, mtawala anayewanyang'anya mali, kwa wengine ni jambazi la kwenye kitabu. Kijana wetu wa bodaboda alimtetea kikao kizima: kwani huyo mtawala hasemi kwamba waliopita kabla ya hao waliwadhulumu watu wake? Na ni kweli, Gurnah amempa Chatu hoja hiyo.

Tukaweka pembeni yake historia yetu. Mkwawa naye alizikalia njia za misafara, akazitoza na kuzishambulia, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowaleta Wajerumani kwake. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Kalenga, ngome yake, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akapigana msituni hadi alipojipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa. Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, likaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudi Kalenga mwaka 1954. Haya mtoto yeyote wa Iringa anayajua tangu shule ya msingi.

Tusiyokuwa tumeyafikiria ni askari. Mamia ya waliokufa Lugalo upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika: askari na wapagazi. Pale Lugalo kuna mnara wa ukumbusho wa Wajerumani. Tulikwenda kuuona kwa gari la mwenzetu, tukasimama pale na upepo, na muuguzi wetu akauliza: na wale wengine walizikwa wapi, na nani aliwalilia? Hakuna aliyekuwa na jibu. Sasa kumbukeni *Peponi* inavyoisha: Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, nikaona mwandishi kanidhulumu. Baada ya Lugalo niliisoma upya. Mtoto aliyewekwa rehani, asiye na kwao pa kurudi, anaona kundi linapita na lina nguvu. Nimesoma kurasa nyingi juu ya vita vya Wahehe, na nikiwaza mmoja wa wale wapagazi sasa, ninamwona akiwa na uso wa Yusuf. Siwezi kumwita msaliti kirahisi kama nilivyokuwa nikimwita zamani.

Nyingine kwa haraka. *Kuli* ya Shafi Adam Shafi isomeni pamoja na habari za mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Hiyo ni rahisi, inasomeka kwa wiki moja, na wanaume wasiopenda kusoma huipenda. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, hatukuipatia kitabu cha historia kinacholingana nayo, na sikuona hasara. Ile sehemu ya baba kumpiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana iliwafanya akina mama watatu waeleze ya kwao wenyewe, na historia tukawa tumeipata hapo. Ila mkiisoma, mwulizeni kwanza kila mmoja kama yuko tayari, maana mwisho wake ni mchungu sana na huwezi kujua nani amebeba nini.

Kwa wale wa historia tupu: tulijaribu kitabu kikubwa cha John Iliffe juu ya Tanganyika, kilichotoka mwaka 1979. Ni kazi ya heshima, lakini ni kinene na ni Kiingereza. Watu wanne waliacha kuja. Baadaye tulichukua sura ya Maji Maji peke yake, mwalimu akaisoma kwanza akatueleza kwa Kiswahili, wote wakarudi. Fanyeni hivyo, sura moja moja. Sura hiyo tuliiweka na tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, na hapa nina onyo kwa wale wa riwaya. Hussein mwenyewe anaeleza kwamba mhusika wake si yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa vita vya Maji Maji, ni mtu aliyemuumba. Lakini kuna mwenzetu alisimama kwenye msiba akanukuu maneno ya jukwaani kana kwamba yalisemwa kweli mwaka 1905. Mzee mmoja wa Songea akamsahihisha mbele ya watu, tena kwa upole. Sasa tunaandika kwenye daftari la kikundi kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja kilichotokea, upande mwingine alichobuni mwandishi. Daftari hilo limejaa, tumeanza la pili.

Ya utaratibu: msizidi kurasa mia kwa mwezi. Nakala tatu zinatosha watu wanane mkizizungusha na kusoma kwa sauti siku ya kikao. Usimlazimishe mtu kuchangia, wengine huanza kusema mwaka wa pili. Na kitabu cha kwanza kisiwe kile mnachokiona kinawafaa watu, kiwe kile ambacho mmoja wenu amewahi kukilia.

Mkuu wa Mafinga, nakala zetu tatu za *Dunia Uwanja wa Fujo* hazina kazi hadi mwezi wa tisa. Zimechakaa, moja haina jalada, lakini kurasa zote zipo. Nitumie ujumbe nizikabidhi kwa kondakta wa Jumatatu asubuhi. Tarehe 19 Julai sisi tutakuwa Kalenga, karibuni wote wanane.