Umekosa unga wa lozi? Weka korosho

Jumamosi iliyopita nilipeleka keki ya machungwa kwenye shughuli moja hapa Chumbageni, na bibi harusi mwenyewe aliomba afungiwe kipande aondoke nacho. Tangu siku hiyo simu haipoi. Wanaouliza ni wengi, ila mdogo wangu mmoja wa Korogwe ndiye aliyeuliza vizuri kuliko wote: "Dada, lozi huku hakuna, na zikipatikana hazinunuliki. Niweke ngano tu?"

Ngano usiweke. Weka korosho.

Keki hii inatokana na mapishi ya Wayahudi wa asili ya Hispania. Machungwa mawili huchemshwa mazima, na maganda yake, kwa saa mbili hivi. Yakilainika unayapasua, unatoa kokwa zote (haya yetu ya Muheza yana kokwa nyingi, na kokwa moja ikisagwa humo inaleta uchungu), unayasaga, kisha unachanganya na mayai 6, sukari gramu 250, lozi za kusagwa gramu 250 na kijiko kidogo cha bekingi pauda. Siagi haimo, unga wa ngano haumo. Maana yake lozi ndiyo unga, na lozi ndiyo mafuta. Ukitia ngano umeleta unga, mafuta hukuleta, na kwa maji yote yale ya machungwa itavutika na kutoka nzito. Korosho mafuta yake yanakaribiana na ya lozi na haina ule mvutano wa ngano. Kipimo ni kile kile, gramu kwa gramu.

Niliwahi kuyaeleza haya kwenye kundi moja la waokaji. Mama mmoja anayeheshimika sana mle akanijibu kwamba hiyo ni keki ya wasio na uwezo, na wenzake wakacheka. Sikumjibu, lakini nasema wazi, neno lile bado linaniuma. Baba yangu alikuwa na mikorosho Mkinga, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho ile. Leo watu wale wale wananiagiza keki.

Sasa sikiliza, shoga yangu. Nenda sokoni, mimi huenda Mgandini, uliza korosho mbichi zilizobanguliwa na kumenywa, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Usinunue nzima nzima, chukua vipande, bei yake iko chini na vyote vinakwenda kwenye blenda. Ziweke kwenye friza kwanza, maana joto la Tanga linalainisha mafuta yake mapema. Kisha chota kidogo kidogo, changanya na sehemu ya ile sukari ya keki, usage kwa kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia. Sikio liwe kwenye mashine. Mlio ukiwa mzito na unga ukaanza kujishika chini ya visu, zima hapo hapo, kwa sababu ukiongeza kidogo tu umeshapata siagi ya korosho. Chekecha, chenga zirudishe kwenye blenda.

Korosho ina wanga zaidi ya lozi, kwa hiyo keki huiva rangi haraka juu kabla ya katikati. Ikianza kupata rangi, ifunike kwa karatasi ya foili uiache imalizie. Mimi huongeza iliki ya kusaga, na sioni kwa nini mtu wa Tanga aache iliki.

Jamani, tuache kudhani kitu kikisafiri sana ndipo kinapata heshima. Kabla hujatafuta mbadala wa kitu chochote kwenye keki, jiulize kile kitu kinafanya kazi gani mle ndani: kinaleta mafuta, kinaleta uchachu, au kinashika. Ukishajua kazi yake, macho yako yataiona sokoni kwenu. Usione haya kumwambia mteja ulichotumia.

Walioniuliza karanga: inawezekana, ila ladha yake inalifunika chungwa. Unga wa nazi unafyonza maji mno, usiupime sawa na lozi. Na mteja akikwambia lozi zinamdhuru, usimpe ya korosho ukidhani umemsaidia. Mwenye mzio wa lozi anaweza kudhurika na korosho pia, kwa hiyo mtengenezee keki nyingine kabisa, na vyombo uvioshe kwanza.