Gonga kwanza, lipa baadaye

Mhariri, mmeuliza wiki hii: ni kitu gani cha kawaida ulicholazimika kujifunza upya kukinunua baada ya kuhama? Swali limenikuta nikitoka kupanga kuni uani, na jibu langu ni hizohizo kuni.

Nimekulia Njombe. Juni na Julai pale baridi inauma, na bibi alikuwa akinunua kuni za miwati kwa mzigo, kutoka kwa akina mama waliopita nazo kichwani alfajiri. Hakutoa hela mpaka achomoe vipande viwili na kuvigonganisha. Vikilia ngo! analipa. Vikitoa mlio mzito, kama kiganja kinapopiga unga, anavirudisha taratibu na kusema, "Mwanangu, maji ninayo mtungini."

Sasa naishi Portland, jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Kiswahili hapa si haba, maana ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda ni wengi. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta yanayowekwa kwenye tangi chini ya nyumba. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda bei, mimi na mume wangu tukaligeukia jiko la chuma la kuni lililokuwa limekaa bure sebuleni.

Novemba nikapiga simu kuagiza kuni. Muuzaji akasema anazo kavu kabisa, kordi moja, ataleta hadi nyumbani. Alifika saa kumi na moja jioni, na mwezi huo jua huwa limeshazama. Akainua tela, kuni zikamwagika mbele ya nyumba, akahesabu fedha zake, akaondoka. Lile rundo gizani lilionekana kama kilima. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Kordi ni kipimo cha ujazo. Kuni zikipangwa zikabanana, zinatakiwa kufika futi 4 kwenda juu, futi 4 kwenda ndani na futi 8 kwa urefu, yaani futi za ujazo 128, kama mita za ujazo 3.6. Zikiwa zimerushwa ovyo kwenye gari, sheria ya Maine inataka futi za ujazo 180 kwa vipande vya inchi 16, kwa sababu hapo katikati kuna hewa nyingi. Vipande vyetu vilikuwa vya inchi 16, kwa hiyo safu tatu zikifuatana ndizo zinazotimiza zile futi 4 za kwenda ndani. Kesho yake tulipanga. Safu ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, ya tatu hatukuwa na kuni za kuianza. Theluthi nzima haikuwepo, na simu yangu haikupokelewa tena.

Hilo ningelisamehe. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba zilikuwa mbichi. Ilikuwa mwaloni, mti mzito unaoweza kuchukua hata miaka miwili kukauka baada ya kupasuliwa. Ukiweka kipande jikoni, kinatoa mlio wa nyoka, kisha povu la maji linachungulia kwenye ncha na kudondoka juu ya makaa. Moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji badala ya kukupa joto. Moshi nao unapanda ukiwa haujaungua vizuri na kuganda ndani ya dohani kama lami, na lami hiyo ikishika moto inaweza kuondoka na nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2023, baridi ya kutisha ilipoikumba New England yote, yaani majimbo haya ya kaskazini-mashariki, tulilala watu wanne kwenye godoro moja mbele ya jiko linalolia maji.

Asubuhi mzee jirani akaja akiburuta kuni zake kwenye kibao cha watoto cha kutelezea thelujini. Akachukua kipande chake na changu, akavigonganisha masikioni mwangu. Pu. Kisha vyake viwili: ngo! Machozi yalinitoka, na sikuweza kumweleza kwa nini. Mlio ule niliujua kabla sijajua kusoma. Niliuacha nikidhani kwamba ughaibuni mtu akisema "kavu" basi ni kavu.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu mnaofika kwenye miji ya baridi, agizeni kuni Aprili, msingoje baridi ibishe hodi. Kuni mbichi za masika huwa nafuu, na wakati huo muuzaji hana haraka. Zipangeni juu ya mbao zisiguse ardhi, mfunike juu tu, ubavuni upepo upite. Mti wa maple au ule wenye ganda jeupe linalochubuka kama karatasi utawahi kukauka kuliko mwaloni. Kavu huwa na nyufa kwenye ncha na ganda linalobanduka, na kipima unyevu kikichomekwa kwenye kipande kilichopasuliwa muda huohuo kisome chini ya asilimia 20. Risiti iandikwe ujazo. "Gari moja" si kipimo. Na asiye na uwezo aulizie benki ya kuni: Maine zipo, watu wa kujitolea hupasua na kuzigawa kwa wenye shida.

Aprili iliyopita muuzaji mwingine, kijana mpole, alinikuta na futi ya fundi mkononi. Nikamwomba asubiri. Alizima gari, akashuka, akanishikia ncha ya pili. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameshapanda juu ya rundo, vipande viwili mikononi, anavigonga na kusikiliza.