Baiskeli ya mbio ya kwanza: ipandishe mlima kabla ya kuilipia

SWALI: Kwako mwandishi wa safu hii. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 34, na ninaishi Kisumu. Kwa miaka mitano nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli ya matairi manene, na sasa mimi na wenzangu wawili tumeazimia kwamba kila Jumapili tutaendesha hadi Ahero au Maseno na kurudi. Nimeweka akiba ya shilingi 45,000. Muuzaji mmoja wa mitumba hapa mjini ananiuzia baiskeli ya mbio ya fremu ya alumini, saizi 56, kwa shilingi 38,000. Nilipoipanda mbele ya kibanda chake niliona usukani uko mbali nami, naye akaniambia, "Baiskeli zote za mbio ziko hivyo, dadangu, utaizoea." Kimo changu ni sentimita 164. Je, niinunue? Na nikipewa nafasi ya kuijaribu barabarani, niangalie nini? – Muuguzi, Kisumu

JIBU: Dada mpendwa, asante kwa barua yako, na hasa kwa kutaja kimo chako, kwa kuwa hicho ndicho kinachoniwezesha kukujibu bila kusitasita: baiskeli hiyo iache. Fremu ya 56 kwa kawaida humfaa mtu wa sentimita 178 hivi, na wewe unahitaji ya 50 au 52. Ni kweli kwamba mwili huzoea kiti chembamba, na mgongo nao hujifunza kuinama, lakini mikono hairefuki, na mtu anayeunyooshea usukani mpaka viwiko vikakakamaa hujikuta ameutua uzito wake wote viganjani.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio niliinunua Nakuru, baada ya kuizungusha mara mbili katika uwanja wa kuegeshea magari, huku nikiwa na haraka ya kuondoka nayo. Katika safari ya kwanza ya kwenda Njoro, kabla hata sijafika, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi, hivi kwamba nilipoliona tuta mbele yangu sikuweza kuibana breki kwa nguvu niliyoihitaji. Nilifunga shingo fupi zaidi ya usukani, nikasogeza kiti mbele, nikanunua glavu zenye sponji. Nafuu niliyoipata ilikuwa ndogo, na miezi minane baadaye niliiuza kwa hasara.

Kabla ya kutafuta nyingine, jipime. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ukiweka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na kukipandisha mpaka kikaze kama kwamba umekalia kiti, kisha umwombe mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Tuseme amepata sentimita 76. Ukizidisha kwa 0.67 utapata 51, ambayo ni makadirio ya saizi ya fremu. Ukizidisha kwa 0.883 utapata 67, ambao ni urefu wa kutoka katikati ya ekseli ya pedali, yaani ile iliyo ndani ya fremu inayozungushwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Hesabu hii ya kiti ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, nami naiamini kama mahali pa kuanzia tu, kwa sababu 52 ya mtengenezaji mmoja huenda isilingane na 52 ya mwingine, hasa pale ambapo paipu ya juu imeinamia nyuma. Nenda dukani na tepu ya kupimia, na umwombe muuzaji akuwekee kiti kwenye urefu wako kabla hujapanda. Akikataa kazi hiyo ya dakika mbili, nenda kwa mwingine.

Kabla hujaondoka, uliza breki ipi iko mkono upi. Hili wengi hulipuuza. Mitumba inayotoka Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, ilhali ile inayotoka Ujerumani au Uholanzi mara nyingi huwa nayo kushoto, na mtu aliyezoea mpangilio mmoja, akishtuliwa na matatu iliyosimama ghafla, atabana asichokusudia. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, ubane upande mmoja baada ya mwingine, na usianze safari mpaka mkono wako uwe umeshika somo hilo.

Sasa kuhusu safari yenyewe ya majaribio. Dakika tano za mbele ya duka hazikwambii lolote, kwa kuwa kila baiskeli nyepesi humpendeza anayetoka kwenye nzito. Omba nusu saa nzima, ukiacha kitambulisho au hata bei yote kama amana iliyoandikiwa stakabadhi, na uende asubuhi. Alasiri upepo wa ziwani huvuma kuelekea bara, na ukishika njia ya Ahero wakati huo utasukumwa mgongoni, udhani umepata baiskeli ya ajabu. Mimi ningekutuma kwingine kabisa: toka Mamboleo uelekee Kiboswa kwa barabara ya Kakamega, ambako mlima unaanza mapema na hauna huruma. Hapo ndipo utakapojua kama gia ni zako. Baiskeli nyingi kuukuu za mbio zilitengenezewa vijana wa mashindano, zikiwa na sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) mbili mbele zenye meno 53 na 39, na sproketi kubwa ya nyuma yenye meno 23 pekee; kwenye gia yake nyepesi kuliko zote, kila mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza karibu mita 3.5. Zenye meno 50 na 34 mbele na 32 nyuma zitakusogeza mita 2.2, nayo ndiyo tofauti kati ya kupanda ukiwa umeketi, pumzi ikitosha kuzungumza na wenzako, na kushuka usukume. Hesabu meno kwa kidole, ukiweka alama ya chaki pale unapoanzia, na usiridhike na kuambiwa kwamba "ina gia kumi na nane".

Mkiwa mlimani, wewe na baiskeli, badilisha gia zote moja baada ya nyingine. Cheni ikiruka unapokanyaga kwa nguvu, huenda imelegea kwa uzee na kuyala meno ya nyuma. Rula itathibitisha: jozi 12 za pingili, kila jozi ikiwa na ya nje na ya ndani, yaani pingili 24 ndogo, zinapaswa kuwa na urefu wa inchi 12 kamili, na zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha, zikizidi kwa moja ya nane, tarajia kununua na sproketi pia. Unaposhuka kurudi mjini, shika sehemu ya chini ya usukani na ubane breki polepole. Usukani ukitetemeka au ukisikia mgongano karibu na shingo, beringi za pale zimelegea, jambo ambalo fundi hulikaza bila gharama kubwa. Kisha, mahali palipo wazi, geuka polepole sana. Kwenye fremu ndogo kama yako, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko kuligundua kwenye mzunguko wa barabara wenye msongamano.

Ukirudi, usikimbilie kutoa pesa. Igeuze baiskeli juu chini mahali penye mwanga. Pitisha ukucha chini ya paipu kubwa inayoshuka kutoka kwenye shingo, na kuzunguka kila kiungo kilichochomelewa. Rangi ikiwa na ufa mwembamba kama unywele unaouzunguka mshono, iache, hata kama muuzaji atasema ni mkwaruzo. Alumini iliyopasuka haitabiriki, na sitaki uifuate kwenye mteremko. Legeza kidogo boliti ya kiti na ujaribu kuivuta posti, yaani nguzo inayobeba kiti. Ikiwa imegandia ndani ya fremu, urefu wako wa sentimita 67 hautapatikana kamwe. Pembeni mwa rimu, pale breki zinapokamata, pakiwa pamebonyea kama sahani, magurudumu hayo yana siku chache. Mwisho, nakili nambari iliyochongwa chini ya ekseli ya pedali, na uhakikishe kwamba imeandikwa kwenye stakabadhi.

Kuhusu matairi, chagua fremu yenye nafasi ya kutosha matairi ya milimita 28 au hata 32, kwa sababu kingo za barabara zetu zina kokoto na lami iliyovunjika, na lile jembamba la 23 litakuchosha bure. Kama uzito wako ni kilo 60 hivi, upepo wa psi 70, kipimo kinachoonyeshwa kwenye pampu, unatosha kwa la 28. Na katika zile shilingi 45,000, usiguse 5,000 za mwisho. Hizo ni za helmeti, pampu, tyubu moja ya akiba na taa ya nyuma.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 13 na anataka baiskeli ya mbio. Kwa kuwa anakua haraka, mama yake anaona tununue kubwa ili aje kuifikia. Je, ni sawa? – Mzazi, Kakamega

JIBU: Mzee wangu, naelewa nia ya mama, kwa maana ndivyo tunavyonunua sare na viatu vya shule. Hata hivyo, kijana asiyeweza kukanyaga chini kwa utulivu anaposimama huku paipu ya juu ikiwa katikati ya miguu yake ataanguka kila anapolazimika kusimama ghafla, na kwenye fremu kubwa vidole vyake havitaifikia breki vizuri. Mnunulie inayomtosha leo, kiti kikiwa chini na posti ikiwa na sentimita kadhaa za kupandisha, tena iwe ya mtumba, ili mkiiuza baada ya miaka miwili msipoteze kikubwa. Mpime upya kila anapofunga shule, mpandishie kiti kidogo kidogo, na posti isivutwe kupita ile alama iliyochongwa ya kikomo.