Serengeti na bibi: ushauri wa enzi zile za Korona

Dada, umeuliza kama uwapeleke watoto na bibi yao Serengeti mwezi wa sita, au usubiri Korona ipite. Mimi ningeenda, ila bibi ningemwacha. Porini kwenyewe hakuna shida: mko kwenye gari lenu, madirisha wazi, jirani yenu ni nyumbu. Shida ni njiani. Hiace ya kutoka Mwanza kwenda Lamadi, mji ulio karibu na hifadhi, mnabanana wanne kiti cha watatu, wa nyuma anakohoa na dirisha limegoma kufunguka. Kodini gari la peke yenu, mwingilie geti la Ndabaka, liko hapo hapo barabara ya Musoma. Juni nyumbu huwa upande huo wa mto Grumeti. Bebeni chakula chenu, sato wa kukaanga anatosha (nyani wasimwone, ni wezi hao). Lakini bibi akibanwa kifua usiku mko katikati ya mbuga, hospitali ya Bugando, Mwanza, ni mbali mno. Yeye mpelekeni kisiwa cha Saanane, hapo hapo Mwanza, asubuhi siku ya kazi, watu wachache, boti dakika chache tu.