Jibu: Kulinganisha vipaji vya timu za vyuo, futiboli ya Kimarekani

Umeuliza kama inatosha kujumlisha nyota (alama za kipaji, hadi 5, ambazo wachambuzi humpa mchezaji kabla hajaingia chuo) za wachezaji wote waliosajiliwa. Haitoshi, maana timu iliyosajili wengi itapanda bure. Chukua misimu minne ya mwisho ya usajili, hesabu wenye nyota 4 na 5, kisha gawa kwa idadi ya wote: 56 kati ya 100 ni asilimia 56. Mabingwa wengi huvuka 50. TCU, timu ya chuo kikuu cha Texas Christian, ilifika fainali ya msimu wa 2022 ikiwa chini ya hapo. Timu ya chuo cha Georgia ikaitandika 65–7.

Tatizo kubwa ni uhamisho: walioondoka bado wanahesabika, walioingia hawamo. Kwa hiyo rudia hesabu kwa kikosi cha sasa. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, mtazame peke yake. Hesabu hii humpa uzito sawa na mpiga mateke.