Demo inatosha, gemu kamili si lazima

Je, ukiwa mtengenezaji wa gemu za simu kule Kisumu, ni lazima uwe na gemu iliyokamilika ndipo uende Africa Games Week, mkutano wa watengenezaji gemu kule Cape Town, kutafuta kazi au mfadhili? La, huhitaji. Demo, yaani kipande cha gemu cha kuonjesha, ya dakika tatu hadi tano inatosha, mradi mtu aanze kucheza papo hapo. Menyu ndefu na utangulizi wa maneno ndivyo humfanya akurudishie simu mapema. Ichezeke bila intaneti, maana Wi-Fi ya ukumbi huelemewa watu wakijaa, na ubebe pawabenki.

Miadi nayo iombwe wiki mbili tatu kabla. Wenye uamuzi wa pesa kwa kawaida hawasimami vibandani, ratiba zao hujaa mapema. Mchoraji au mwanaprogramu anayetaka ajira aonyeshe kazi chache bora na aseme wazi ni sehemu gani aliyoifanya mwenyewe, kisha aandike barua pepe ndani ya siku mbili.

Kutoka Kisumu, Cape Town ni rahisi kuliko GDC, mkutano mkubwa wa watengenezaji gemu wa San Francisco, Marekani: tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Ila cheti cha homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.